Kuagana Karonga
Watoto wa shule ya Jumapili wa Karonga, Malawi, hawakutuaga, walitudai. "Mtarudi lini?" Kingonde chao na Kinyakyusa chetu ni ndugu, kwa hiyo hata kisingizio cha lugha sikuwa nacho. Mchungaji akasema "Mungu akipenda." Mimi nikatazama pembeni, maana nauli ya kutoka Kyela tuliichanga kwa kuuza maandazi. Mtoto ukimwambia Krismasi, ataihesabu.

Kabinti kamoja, kakorofi kuliko wote kwaya nzima, kalininunia tangu asubuhi. Gari lilipowashwa kakaja mbio, kakanitupia dirishani mfuko wa usipa wakavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, kakatoweka bila neno. Mpakani Songwe, gari zima likinuka ziwa, afisa akauliza usipa ni wa nani. Nikanyoosha mkono kwa fahari.