Kaa Moja la Moto

Mwaka 2011 nilikuwa msaidizi jikoni katika mkahawa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa. Ijumaa ndiyo siku yetu ya biriani, na hatua ya mwisho mpishi wetu, tuliyemwita Ami, hakumwachia mtu. Mchuzi ukishaiva, alichukua ganda nene la kitunguu, akaliketisha juu ya nyama kama kikombe, akatia ndani kaa jekundu. Juu yake karafuu mbili na kijiko cha samli. Samli ikilia tu, mfuniko ushashuka. Dakika 5, si zaidi.

Wateja wakiuliza mbuzi yule tumemchomea wapi. Hakuchomwa. Ni moshi wa samli, na mafuta ya mchuzi huudaka yakakaa nao. Ufundi wa Bara Hindi huo, kwao wauita dhungar, lakini pwani tumeuzoea hata hatuulizi umetoka wapi.

Ijumaa moja Ami alikwenda kuswali, mchuzi ukawa tayari kabla hajarudi. Nikaona niifanye kazi mwenyewe. Seredani ilikuwa imewashwa kwa mafuta ya taa muda mfupi tu, na kaa nililolichukua upande mmoja lilikuwa bado jeusi. Nikaliona, nikalitia hivyo hivyo. Moshi ulipanda mzito, rangi ya manjano. Nikafunika robo saa nzima, nikiamini ukizidi ndio utamu.

Ami aliporudi hakuonja. Alifunua, akainama, akaniita.

"Njoo, mwanangu. Wasikia harufu gani?"

"Mafuta ya taa, Ami."

"Basi na mwenye kula atasikia hiyo hiyo. Hatuuzi."

Kilo 10 za mbuzi. Siku ile wateja waliambiwa biriani hakuna, wakala pilau, na kila aliyeinuka akaondoka bila kuagiza nilimwona. Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza.

Jioni alinipeleka kwenye mtungi wake wa maji ya kunywa, uliokaa pembeni mwa ua. Kila asubuhi aliufukiza ubani: chetezo chini, mtungi umefudikizwa juu yake, chembe mbili tatu tu, kisha anaujaza maji. Akachota kwa kata, akanipa.

"Kunywa polepole."

Yalikuwa maji baridi, matamu, basi. Nilipokwisha kumeza ndipo ubani ukaja, ukapanda puani taratibu kama mtu apitaye chumba cha pili.

"Umeusikia lini?"

"Baada ya kumeza."

"Na nyama iwe hivyo."

Ijumaa iliyofuata alinitilia koleo mkononi. Nilipepea kaa langu mpaka weusi ukaisha wote, nikangoja livae jivu jeupe, nikaligonga ukingoni mwa seredani likabaki jekundu tupu. Ami aliliinamia kaa lile, akalinusa. Kisha akanisogezea kopo la samli.