Nilivyopanga diskasheni ili wasichana wa uhandisi washike chaki

Nafundisha mekanika mwaka wa kwanza wa uhandisi, darasa lenye wavulana tele na wasichana wa kuhesabika. Kila matokeo yalipotoka wasichana walizidi kupungua, wengine kwa sapu (mitihani ya marudio), wengine kwa disko (kuondolewa chuoni kwa kufeli). Niliamua kuanzia kwenye diskasheni, yaani makundi ya kujisomea pamoja, maana huko ndiko somo linakoelewekea.

Kila kundi lilikuwa na msichana mmoja. Anapewa kalamu kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, wavulana wanakokotoa. Tena wanakutana saa tatu usiku, anayekaa mbali na chuo ameshapanda daladala.

Niliomba chumba saa tisa alasiri, nikapanga makundi ya watu wanne wanne. Hakuna msichana niliyemweka peke yake. Makundi mengine yakabaki ya wavulana watupu. Wapo waliosema ni upendeleo. Niliwaeleza, sikubadilisha.

Kilichonipa ujasiri ni kazi ya mwanahisabati Uri Treisman, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, miaka ya 1970. Alikuta wanafunzi Weusi waliokuwa wakifeli kalkulasi wanasoma kwa bidii sana, ila kila mtu kivyake, ilhali wenzao wenye asili ya China wanakaa pamoja na kukosoana. Hakuwafungulia tuisheni ya walio dhaifu. Aliwapa maswali magumu wayafanye kwa makundi. Nami nilikataa katakata diskasheni zangu ziitwe za kusaidia wanaofeli.

Chaki inashikwa kwa zamu. Siku moja swali lilikuwa kani ya ukuta kwenye ngazi ya mita 5, uzito nyutoni 200 ukiwa katikati yake, imeegemea ukuta laini, yaani usio na msuguano, mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, kwa hiyo ncha ya juu iko mita 4. Msichana mmoja, mkimya kabisa darasani, akachora msuguano ukutani.

"Si wamesema ukuta ni laini?" mwenzake akamuuliza.

Akafuta. Kisha akachukua momenti (kani mara umbali wake) kwenye mguu wa ngazi, kani mbili za sakafuni zikatoka kwenye hesabu papo hapo: 200 × 1.5 ni sawa na kani ya ukuta × 4. Nyutoni 75! Mvulana aliyekuwa amejaza ukurasa mzima akamwomba arudie. Akarudia, safari hii bila kunitazama mimi kwanza.

Wengi wa wasichana wale wamevuka mwaka. Sasa wanataka mpango huuhuu kwenye somo la umeme, ambako bado ni msichana mmoja kila kundi. Nimeshazungumza na mwalimu wa somo hilo, tunaanza muhula ujao.