Mluzi wa redio ya gari

Jumamosi yote imeishia kwa fundi umeme. Redio ya gari langu inapiga mluzi: nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Fundi kachomoa waya, kachomeka, kachukua hela yake, na huo mluzi ukanisindikiza hadi nyumbani.

Njiani nikawa namuwaza Bill Lear, mvumbuzi wa Kimarekani. Shida yangu huenda ni oltaneta, ile mashine ya kuzalisha umeme wa gari. Shida ya akina Lear, mafundi wa redio za gari kule Chicago, zilikuwa cheche za plagi za injini, redio inazinasa mpaka mtangazaji hasikiki. Lear, aliyeacha shule baada ya darasa la nane, alikuwa bingwa wa kusuka koili (nyaya zilizozungushwa za ndani ya redio) ndogo zinazoenea mahali finyu. Mwaka 1930 kampuni ya Paul Galvin ikatoa redio ya gari kwa jina la Motorola, na mkono wa Lear ulikuwemo. Mwaka uliofuata kanunua ndege.

Huko angani hakuna kibao cha barabarani. Na hapa namkumbuka babu. Jioni aliiweka redio yake ya mkulima dirishani, akaigeuza taratibu kama anayefungua kufuli asilolijua. Upande huu taarifa ya habari inasikika vizuri, akiisogeza kidogo tu inazama. Sisi wajukuu tulidhani ni uzee. Kumbe antena ya ndani ina upande inaousikia na upande usiousikia. Dira ya redio, chombo alichokihangaikia Lear miaka ya 1930, inategemea jambo hilohilo: antena ya kitanzi inazungushwa mpaka sauti ififie, rubani anajua kituo kiko upande gani. Hata stesheni ya muziki wa dansi inageuka kibla.

Baadaye Lear akaunda kifaa cha kujiendeshea ndege kilichompa Tuzo ya Collier ya 1949, tuzo ya Marekani ya mambo ya anga, kisha Learjet, ndege ndogo ya jeti, iliyoruka mara ya kwanza Wichita, Kansas, tarehe 7 Oktoba 1963. Ndege hiyo ya kwanza ilianguka mwaka uliofuata ikiwa majaribioni, ikaungua, marubani wakatoka salama. Fedha za bima zikasaidia kuendeleza kazi! Mimi ningelia. Yeye mwaka huohuo yuko na kanda za muziki za kwenye gari, zenye mikondo 8.

Usiku huu nimeitoa redio ndogo kabatini, nikaipeleka dirishani. Nimeigeuza mara tatu. Mara zote sauti imezama palepale, ncha yake ikiwa imeelekea mwembe wa jirani.