Chumvi Kisimani

Mingoyo, Lindi, Jumapili usiku, mwanzo wa Oktoba.

Leo asubuhi bibi jirani amepita na ndoo yake, akateka maji kisimani kwangu, akaonja kidogo kwa kiganja, akatema. "Mjukuu wangu, haya yamegeuka."

Nami nikaonja. Kweli. Si chumvi ya kukunja uso, ila inabaki nyuma ya ulimi ukishameza. Sisi huku mto Lukuledi tunaupata ukiwa unakaribia kuingia baharini. Masika mto ukijaa unaisukuma chumvi irudi ghubani. Kiangazi ukipungua, bahari nayo inapanda na kupenya hadi kwenye udongo. Hilo hapa analijua kila mtu. Hata mimi nalijua, nimezaliwa hapa. Lakini nilipochimba kisima mwezi wa tano maji yalikuwa matamu, na mtu akishakunywa maji matamu hafikirii Oktoba.

Nilirudi Aprili kutoka Dar es Salaam, kazi ya ghalani ilipoisha. Mjomba akanionyesha nusu eka bondeni: "Mpwa wangu, hapa mama yako alikuwa analima mpunga. Lima, ila usije ukaniuzia." Nikamshukuru, nikafungua daftari. Kwenye daftari nilikuwa nimeshalima na kuvuna tangu nikiwa ndani ya basi: miche 2,000 ya nyanya, kila mche kilo mbili, kilo moja bei kadhaa. Jibu lililotoka chini ya ukurasa siliandiki hapa, naona aibu.

Mbegu ya kwanza haikuota kabisa. Nilinunua kwenye duka moja la pembejeo, nikasia kitaluni, nikafunika nyasi, nikamwagilia asubuhi na jioni kama mtu anayeuguza. Siku ya kumi na mbili nikaiokota pakiti jalalani nikaitazama vizuri: pale penye tarehe pamebandikwa karatasi ya bei. Nikaibandua. Basi.

Ya pili ikaota vizuri, nikahamisha miche, ikashika, ikatoa maua. Ndipo akaja kantangaze. Kama hujawahi kumwona, ni nondo mdogo wa kijivu ambaye hata kumwogopa huwezi. Mtoto wake ndiye balaa: anaingia ndani ya jani, analila katikati ya ngozi mbili, linabaki doa jeupe kama limeunguzwa, kisha anahamia kwenye tunda. Nikapuliza dawa. Nikabadilisha, nikapuliza nyingine. Ile robo eka niliyotia nyanya ikawa inanuka duka la dawa.

Zilizopona kwa kantangaze zikaanza kuoza kitako, weusi mkavu chini ya tunda. Nikajua ni ugonjwa, nikashika tena bomba la dawa. Bwana shamba akanizuia. Akaniambia tunda limekosa madini ya kalisi, na kalisi inasafiri na maji. Mimi leo naulowesha mche, kesho na keshokutwa nauacha na kiu. Sikuwa na la kubisha. Wale vijana wawili niliokuwa nawalipa kumwagilia walikuwa wameondoka kwenda kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, na kwa mkoa huu ukishindana na korosho kutafuta kibarua umeshindwa kabla hujataja bei. Nikabaki peke yangu na keni mbili za lita kumi. Safari sitini asubuhi, jioni nyingine kadiri mabega yalivyokubali. Mwezi ule nilijua kwa nini bibi anatembea akiwa ameinama upande mmoja.

Mchicha haukuwemo daftarini. Niliuona ni mboga ya kuchuma nyuma ya nyumba, haina heshima ya kuitwa mradi. Bibi ndiye aliyefungua pindo la kanga akanitolea mbegu, akanionyesha kuzichanganya na mchanga mkavu ili zisianguke rundo moja, na kunyunyiza majivu pembezoni mwa tuta kwa sababu ya sisimizi. Matuta manne tu, yalikuwa ya kumridhisha. Baada ya wiki tatu na siku chache nikang'oa mafungu 20, nikayafunga kwa ukindu, nikaenda nayo njiapanda ya Mnazi Mmoja ya hapa Lindi.

Mama mmoja anayekaanga samaki pale, abiria wa Masasi na Mtwara wanamjua kwa sauti kabla ya sura, akayachukua yote kwa shilingi 200 kila fungu. Akanihesabia 4,000, noti zina mafuta na harufu ya changu. Mshahara wangu wa Dar ulikuwa unaingia kwenye simu na kutokea humo humo. Hizi nilizishika njia nzima kurudi nyumbani, mkono haukuingia mfukoni.

"Mwanangu, na bamia je?" aliniuliza mama wa samaki siku ile. Sasa ninazo. Bamia haina subira: unachuma leo, unaruka kesho, keshokutwa lazima uwepo, ukichelewa imekuwa kuni. Na inawasha! Nachuma nikiwa nimevaa soksi mikononi, watoto wanaotoka shule wanasimama njiani kucheka. Pilipili nazo anazichukua kwa ajili ya kachumbari, na hata zile nyanya chache zilizobaki anazisifu kwamba zimefika bado na umande, siyo zile za Ilula, kule Iringa, zilizotingishwa garini siku nzima. Namwamini nusu, ni mfanyabiashara.

Ila amenionya: pesa ya korosho ikishaingia mitaani, mchicha utalala. Mtu aliyelipwa hataki majani, anataka nyama. Nipande nyanya chungu na vitunguu vya majani, vya kuungia hiyo nyama.

Yote hayo yanataka maji. Mchana nimezunguka shamba na ulimi wangu mchungu kuangalia nani ameshaona chumvi. Maharage yamekwisha kujua, kingo za majani zimekauka kama karatasi iliyopitishwa motoni. Bamia zinasitasita. Mchicha haujui lolote, unaendelea kujitanua.

Jioni nikaenda kwa mjomba, nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka kwanza, kisha akasema mama alikuwa na kisima chake juu kule, karibu na mwembe, kilifukiwa alipofariki, watoto wasije wakatumbukia. Mimi sikuwahi kukijua. Matuta ya karibu na mto nitayapumzisha hadi mvua zije zisafishe udongo, na keni zitasafiri mbali zaidi.

Mjomba atakuja na sululu kesho saa kumi na mbili. Bibi kasema atakuja kuonja.