Shtaka la Leseni Lisiachwe Nyuma

Kesi ya wakala wa ajira za ng'ambo aliyetoweka na fedha za watu inapofika mahakamani, jambo la kwanza ninalolitazama ni hati ya mashtaka, kwa kuwa kesi nyingi za aina hii hupotea kutokana na namna hati hiyo ilivyoandikwa. Mara nyingi tegemeo lote huwekwa kwenye kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, huku shtaka la kufanya uwakala wa ajira bila leseni likiwa halimo kabisa, au likiwa limetupwa mwishoni kama nyongeza. Kwa maoni yangu, mpangilio huo umepinduliwa.

Udanganyifu ni kosa gumu kuthibitisha. Upande wa mashtaka unapaswa kuonyesha kwamba mshtakiwa alikuwa na nia ya kudanganya alipopokea fedha. Naye atajitetea kwamba kazi ilikuwepo, mwajiri akaghairi, ubalozi ukachelewesha viza, na kwamba hata yeye amepata hasara. Kosa la leseni halimpi nafasi hiyo. Afisa wa mamlaka inayosimamia ajira anafika na rejesta, anaeleza kuwa jina la mshtakiwa halimo, kisha mashahidi wanaeleza walichoahidiwa.

Ufilipino, nchi yenye uzoefu mrefu wa kupeleka wafanyakazi nje, imelipa kosa hili uzito wake. Sheria Na. 8042 ya mwaka 1995, iliyorekebishwa mwaka 2010, inamhesabu mtu asiye na leseni anayewaahidi watu wawili au zaidi kazi ya nje kwa malipo kuwa tayari anafanya uwakala haramu. Waathirika wakifika watatu, au wahusika watatu wakila njama pamoja, kosa hugeuka hujuma ya uchumi, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu ya huko imeshikilia kwamba kukosekana kwa risiti hakuiangushi kesi iwapo maelezo ya waliolipa yanaaminika, na kwamba mtu huyohuyo anaweza kutiwa hatiani kwa uwakala haramu na kwa utapeli pia.

Hilo la risiti ni kubwa kuliko linavyoonekana, maana matapeli hawa huandika kidogo mno. Fedha hutumwa kwa simu kwenda namba iliyosajiliwa kwa jina la shemeji; risiti, ikitolewa, husomeka "gharama za vipimo" bila muhuri; na ahadi yenyewe, yaani mshahara, nchi na tarehe ya safari, imo katika ujumbe wa sauti ambao mlalamikaji huenda ameshaufuta ili simu ipate nafasi. Mpelelezi makini angeanza na simu hiyo kabla ya kwenda kwenye ofisi ya mtuhumiwa, ambayo aghalabu imeshafungwa.

Kinachonikera zaidi ni kumalizana pembeni. Mshtakiwa akipata dhamana huwafuata walalamikaji mmoja mmoja na kuwarudishia sehemu ya fedha zao, wao, wakiwa na madeni shingoni (nani atawalaumu?), hupokea, na siku ya ushahidi hawaonekani. Kesi hufutwa, na ofisi hufunguliwa mtaa mwingine kwa jina jipya. Dawa ninayoiona ni akaunti za mtuhumiwa kuzuiwa mapema kwa amri ya mahakama, na fidia kutolewa ndani ya hukumu ya jinai yenyewe, ili mlalamikaji asilazimike kuchagua kati ya fedha zake na ushahidi wake.