Hita ya vani, Livigno: maji yalikuwa yanakwenda wapi?

Imewaka saa mbili usiku, imenguruma mpaka saa moja asubuhi, haikukata hata mara moja. Nje nyuzi 19 chini ya sifuri, ndani nyuzi 17, na Mzee, mwenzangu wa safari hii, anakoroma huku blanketi limemshuka kifuani. Kwa mliokuwa mkifuatilia mkasa huu wa hita inayozima usiku milimani, tangu nilipoinunua hii vani ya Fiat Ducato: tumeshinda. Nasema tumeshinda kwa sababu jawabu halikutoka kwangu.

Habari za namna ya kufunga hita ya dizeli sitazirudia, mnazijua. Yangu ni ile ya Kichina ya kilowati 2. Nilinunua gari ikiwa imeshafungwa chini ya kiti cha abiria na aliyekuwa nalo kabla yangu. Nyumbani München haijawahi kunisumbua. Nikipanda milimani, inawaka vizuri jioni, inapasha, tunakula, tunalala, halafu kwenye saa tisa usiku feni inabadilisha sauti, pampu inaacha kugonga, na kimya kinaingia. Ukijaribu kuiwasha unapata moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, kisha namba ya kosa kwenye kioo. Kesho yake mchana, jua likishapiga, inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilinifanyia hivyo Kühtai kule Austria mwezi Desemba, mita 2,020, nikalala na koti, kofia na soksi za sufi. Mimi ni mtu wa Njombe, umande unaoganda kwenye mahindi naujua tangu utoto, lakini ile ya Kühtai haikuwa baridi ya kuzoeleka.

Mzee tumefahamiana juzi juzi tu. Ni mtu wa Bukavu, ameishi Chur, Uswisi, miaka mingi, dereva wa malori mstaafu. Nilikwenda kwake kununua skii alizokuwa anauza. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu "Jambo, mudogo," akanikaribisha chai, na kabla sijafunga skii kwenye keria alikuwa ameshazunguka gari langu akichungulia chini. Akauliza hiyo hita naiendeshaje. Nikamsimulia. Akasema skii nitalipia nusu sasa, nusu baada ya yeye kuiona inavyozima kwa macho yake. Ndivyo nilivyojikuta nasafiri na mtu nisiyemjua, tena wa rika la baba yangu, kwenye chumba cha kulala chenye upana wa kitanda.

Tulichagua Livigno, Italia, mita 1,816, bonde ambalo Waitaliano hulitania kwa kuliita Tibet Ndogo. Sababu yangu ilikuwa theluji. Sababu ya Mzee ilikuwa bei ya mafuta, maana mji hautozwi VAT na vituo vya dizeli vimepangana barabarani. Tuliingilia upande wa Uswisi kwa handaki la Munt la Schera, lile la njia moja ambamo magari ya huku yanangoja ya kule yamalize kupita. Mle ndani Mzee alinyamaza kabisa, akiangalia kuta zilivyo karibu na vioo vyangu vya pembeni. Tulipotoka akasema kwa lori asingethubutu.

Sasa hita.

Usiku wa kwanza ikazima, saa ile ile. Mzee alikuwa macho anaingoja, naapa. Hakulalamika wala hakusema lolote, alivaa tu koti akajifunika upya. Asubuhi tukaanza kuondoa washukiwa mmoja mmoja.

Umeme kwanza, kwa sababu hita plagi, ile inayowashia moto, inapowaka hunyonya karibu ampea 10, na waya mwembamba ukishindwa hapo hita inakata. Nikaweka mita kwenye soketi ya hita yenyewe, si kwenye betri (mkipima kwenye betri mnajidanganya), nikaiwasha. Volti hazikushuka kiasi cha kutisha. Betri ni ya lithiamu, iko ndani karibu na kitanda, haigandi. Umeme tukauachia.

Dizeli ikafuata. Baridi ikizidi, nta iliyomo kwenye dizeli huganda ikaziba chujio. Lakini mafuta nilijaza Bavaria, na dizeli ya majira ya baridi ya Ujerumani, inayouzwa kuanzia katikati ya Novemba mpaka mwisho wa Februari, lazima ipite kwenye chujio mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Tulikuwa tunakaribia mpaka huo, kwa hiyo sikuridhika. Nikachomoa paipu ya tangi, nikaichomeka kwenye dumu dogo lililokaa ndani ya gari na kufungwa vizuri, dizeli ya uvuguvugu kabisa. Usiku ikazima. "Mazutu iko muzuri," yaani dizeli haina tatizo, akasema Mzee gizani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulijua hilo tangu jana.

Nikabaki na nadharia niliyokuwa naipenda tangu Desemba: urefu. Mnaijua hoja yake. Juu hewa ni nyembamba, pampu inaleta mafuta yale yale, moto unakosa oksijeni, masizi yanajaa, unazima. Nilikuwa na hesabu kabisa kwenye daftari: kwa mita 1,800 shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na ukilinganisha na München, iliyo kwenye mita 520 hivi, tumepoteza kama asilimia 15. Nikaingia kwenye mipangilio, nikashusha mapigo ya pampu, nikaongeza mizunguko ya feni. Nilijiona profesa.

Mzee alisikiliza hesabu zote akimenya chungwa. Kisha akauliza, "Na baridi?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Hewa baridi ni nzito kuliko ya vuguvugu. Hewa ya nyuzi 19 chini ya sifuri ni nzito kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 5, ile ninayoizoea München. Yaani mlima unachukua asilimia 15, baridi inarudisha sehemu kubwa, na upungufu halisi unabaki asilimia 7 au karibu na hapo. Asilimia 7 haizimi hita, na hata ingekuwa inaizima, kwa nini isubiri saa tisa usiku? Urefu ni ule ule saa mbili na saa tisa. Usiku huo, pamoja na mipangilio yangu yote ya kiprofesa, ikazima tena.

Niseme kitu kuhusu vifaa, maana hapa nilipoteza muda mwingi. Kile kipimajoto cha leza ambacho kila mtu ananunua siku hizi ni kitu kizuri kwenye sufuria na kwenye ukuta. Kwenye bomba la moshi la chuma kisichoshika kutu kinadanganya mchana kweupe, kwa sababu chuma kinachong'aa hakitoi mnururisho wa joto unaolingana na joto lake. Kiliniambia bomba lina nyuzi 40 wakati mate yalikuwa yanachemka juu yake. Dawa ni kupaka sehemu ndogo rangi nyeusi ya kustahimili moto, kisha unapima hapo hapo kila mara. Mzee yeye anapima kwa kuweka mgongo wa mkono karibu na bomba na kutamka namba. Nilipopaka rangi na kupima upya, tofauti kati yake na leza ilikuwa ndogo kiasi cha kuudhi. Keekee ya betri nayo: baridi hii betri inachoka haraka mno, ilaze kwenye blanketi na wewe.

Siku ile hatukuigusa hita. Tulipanda Carosello, miteremko ya skii ya hapa Livigno, tukateleza. Mimi bado ni mtu wa kufunga breki kila mita tatu. Mzee anashuka taratibu kwa mizunguko mipana, mikono imetulia kana kwamba bado ameshika usukani. Tukiwa kwenye kiti cha lifti, chini kabisa bondeni tukiona watu wa skii za masafa, akaanza kunisimulia habari za Philip Boit, yule Mkenya wa Olimpiki ya baridi ya Nagano 1998, skii za masafa kilomita 10, aliyefika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akabaki mstarini kumsubiri amkumbatie. Anasema aliiona kwenye televisheni ya kituo cha malori, na kwamba ndipo alipoamua kuwa naye atajifunza. Kuhusu hita hakutamka neno mpaka tulipokuwa tunavua skii pale kambini. Akasimama nyuma ya gari, akaangalia theluji chini ya bomba la moshi, akaniita.

"Mudogo. Maji inaenda wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba lori lake lilikuwa na hita ya aina hii, na kila asubuhi ya baridi alikuta doa jeusi la majimaji kwenye theluji chini ya sailensa. Siku zote. Chini ya gari langu theluji ilikuwa nyeupe, safi.

Nikasimama pale na viatu vya skii miguuni, kichwa kinakimbia. Dizeli ikiungua inatoa mvuke wa maji, na si kidogo: lita moja ya dizeli inatoa karibu lita moja ya maji. Hita yangu kwa usiku mzima inakunywa lita moja na ushee. Mvuke mwingi unatoka na moshi, lakini unaokutana na chuma baridi unageuka maji, na maji yanatafuta sehemu ya chini kabisa ya bomba. Ndiyo maana sailensa hizi zina kitundu kidogo: kinatakiwa kuangalia chini ili maji yadondoke.

Tukatandika boksi chini, nikajiingiza na tochi. Kitundu kilikuwa juu. Kimeangalia sakafu ya gari, kimejaa masizi. Na kabla ya sailensa bomba lilikuwa limebonyea likafanya tumbo, sehemu nzuri kabisa ya maji kukaa.

Kila kitu kikajipanga. Jioni hita inapiga kwa nguvu zote, moshi ni wa moto, maji hayapati nafasi ya kuganda. Gari likishapata joto, hita inajishusha yenyewe, moshi unapoa, maji yanakusanyika kwenye tumbo la bomba na ndani ya sailensa, na alfajiri inapokaribia yanaganda. Njia inaziba. Moto hauna pa kutolea moshi, unakufa. Mchana jua linayeyusha, njia inafunguka, na mimi naandika daftarini kwamba ni urefu. München haikutokea kwa sababu baridi ya kule haikuwa kali kiasi hicho usiku kucha.

Klipu zilikuwa zimeshika kutu, bisibisi inateleza, vidole havisikii. Sailensa ilipotoka ilikuwa nzito mkononi kuliko inavyopaswa. Nikaitikisa: kitu kinagonga ndani. Tukaiweka kwenye beseni juu ya jiko, madirisha wazi, na baada ya muda likatoka donge la barafu ya kijivu ukubwa wa yai, kisha maji meusi yenye kutu yakajaza kikombe cha chai hadi karibu na ukingo. Mzee alikipiga picha kile kikombe akamtumia mkewe. Sijui aliandika nini, ila alicheka peke yake muda mrefu.

Matengenezo yenyewe hayakuchukua muda. Tulizibua kitundu, tukaigeuza sailensa kitundu kikaangalia chini, tukanyoosha bomba na kulifunga kwa waya ili lote literemke kuelekea nje bila tumbo. Sehemu ya kwanza, ile iliyo karibu na hita, tukaizungushia utepe wa nyuzi za kioo ili moshi ubaki na joto mpaka utoke. Utepe huo uchezeeni kwa glavu, unawasha kuliko upupu. Kila kiungo nilikikaza na kukikagua mara ya pili, kwa sababu bomba lililoziba linaweza kusukuma moshi kupitia viungo, na kaboni monoksaidi haina harufu wala haigongi mlango. Kengele yake iko kwenye kimo cha mto, na nimeijaribu kwa kitufe mbele ya Mzee, ambaye alishtuka akamwaga chai. Anayelala na hita ya dizeli bila kengele hiyo asiniombe ushauri wa kitu kingine chochote.

Asubuhi hii nilitoka nje na slipa. Chini ya gari, kwenye theluji: doa jeusi, lenye tone moja linaloning'inia juu yake. Nimelipa nusu ya skii iliyobaki. Mipangilio ya pampu nayo nimeirudisha nusu ya njia. Asilimia 7 ni asilimia 7.

Mpango wa leo ulikuwa kushona mapazia ya kuzuia joto kwenye vioo vya mbele na kupima umande unaoganda kwenye nguzo za milango. Kitambaa nimekikata, kimelala kitini. Tatizo ni kwamba Mzee, sasa hita inawaka usiku kucha, ameangalia viatu vyetu vya skii vilivyolowa na kuuliza kwa nini hewa yote ya moto inatokea karibu na vichwa vyetu. Tangu kifungua kinywa tumekuwa tukikata boksi la nafaka, karatasi ya alumini na kipande cha paipu ya milimita 60. Tumechomeka kiatu kimoja cha kushoto. Baada ya muda wa saa mbili soksi ya ndani ilikuwa kavu mpaka kwenye vidole, cha kulia bado kinatoa maji ukikikamua.

Kiunganishi cha Y cha milimita 60 nimeshakiagiza kifike nyumbani. Mzee anataka kila tawi liwe na kizibo, ili ikifika saa nne usiku viatu vifungiwe na joto lote lije upande wake wa kitanda. Mimi nataka kizibo kiwe upande wake. Bado tunajadiliana.