Nilivyochagua maktaba huria za zana ya API kwa kuzipitisha kwenye mtandao mbovu

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: zana ya terminali inayovuta rekodi kutoka kwenye API (njia ya programu kuzungumza na programu nyingine) ya huduma moja, ukurasa baada ya ukurasa, na kuziandika kama JSON au CSV. Mchana wenzangu wangeiendesha kwa mikono, usiku ingeendeshwa na cron (kipanga ratiba cha mfumo) bila mtu wa kuitazama. Lugha ilikuwa Python, hilo halikuwa na mjadala. Kilichobaki ni kuamua tutegemee maktaba zipi za programu huria, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine: moja ya kuzungumza na API, nyingine ya kusoma amri na vigezo anavyoandika mtumiaji.

Wengi huanza kwa kutazama nyota za GitHub, yaani alama ambazo watumiaji huupa mradi walioupenda. Mimi sizitegemei. Kwenye Node.js kulikuwa na maktaba iitwayo request, iliyotumiwa na vifurushi vingi mno, na Februari 2020 watunzaji wake wakatangaza kwamba haitaendelezwa tena. Waliokuwa wakiitumia walikuwa bado wengi vilevile; kilichokoma ni uendelezaji. Upande wa Python iko docopt, ambayo wengi tuliipenda kwa wazo lake zuri: unaandika maelezo ya msaada tu, nayo inavitambua vigezo vyako kutokana na maelezo hayo. Toleo lake la mwisho, 0.6.2, ni la mwaka 2014. Nyota zinakuonyesha watu walikipenda nini zamani, hazikwambii nani atajibu ukikwama mwezi ujao.

Kwa hiyo kila maktaba niliiuliza swali moja: mambo yakiharibika, unafanya nini? Mtandao ukiwa mzuri na seva ikijibu upesi, zote hupendeza, na mifano ya kwenye nyaraka huandikwa kwa ajili ya hali hiyohiyo. Zana inayoendeshwa usiku na cron huishi katika hali nyingine.

Niliandika seva ndogo ya majaribio kwa kutumia http.server iliyomo ndani ya Python, nikaifundisha tabia mbaya. Anwani ya kwanza ilipokea ombi kisha ikanyamaza. Ya pili ilirudisha 429, yaani umezidisha maombi, pamoja na kichwa cha Retry-After kinachosema subiri sekunde 5. Ya tatu ilituma jibu tone kwa tone, herufi moja kila baada ya sekunde 3. Ya nne ilimwelekeza mteja kwenye anwani nyingine. Kisha nikazileta mbele yake maktaba tatu: urllib inayokuja na Python, requests na httpx.

urllib niliiweka kando mapema. Haina tegemezi hata moja, yaani haihitaji maktaba nyingine, na hilo ni jambo kubwa, ila hufungua muunganisho mpya kwa kila ombi. Ukiwa unavuta kurasa nyingi mfululizo kutoka seva ileile, ucheleweshaji huo unauona kwa macho.

Kwenye anwani iliyonyamaza, tofauti ilikuwa wazi kabisa. Ukiita requests.get bila kutaja timeout (kikomo cha kusubiri), itasubiri bila kikomo. Hakuna kosa litakaloandikwa, hakuna kitakachoonekana kwenye kumbukumbu, na asubuhi utakuta mchakato bado unaning'inia. httpx yenyewe imewekewa kikomo cha sekunde 5 tangu awali; zikipita inatoa kosa la ReadTimeout na unajua pa kuanzia. Hapo httpx ilinikosha. Maktaba inayomlinda hata mtu asiyesoma nyaraka zote imeandikwa na watu wanaowajua watumiaji wao.

Ila anwani ya matone ilizishinda zote mbili. Niliweka timeout ya sekunde 10, na jibu likaendelea kuchuruzika kwa muda mrefu kuliko huo bila kosa lolote. Muda unaoutaja kwenye requests, na kwenye httpx pia, si muda wa ombi zima. Ni muda wa ukimya kati ya kipande cha data na kinachofuata, na kila herufi inapofika saa huanza upya. Jambo hili limeandikwa kwenye nyaraka za requests, lakini ni kulishuhudia likitokea ndiko kulikonifanya nibadilishe mpango: kikomo cha jumla tuliandika wenyewe, kwa kusoma jibu vipande vipande na kutazama saa kila kipande kinapoingia. Ni mistari michache tu, na hakuna maktaba kati ya hizo mbili iliyotupunguzia kazi hiyo.

Kwenye 429 mizani iligeuka. requests imejengwa juu ya urllib3, na ndani ya urllib3 limo darasa liitwalo Retry ambalo wengi wanaotumia requests hawajawahi kuligusa. Unalifunga hivi:

jaribu = Retry(total=5, backoff_factor=1, status_forcelist=[429, 502, 503, 504])
sesheni.mount("https://", HTTPAdapter(max_retries=jaribu))

Kwa mistari hiyo miwili zana inarudia ombi lililoshindwa, inaongeza muda wa kusubiri kila inaporudia, na seva ikitaja Retry-After inatii. Niliitazama kwenye kumbukumbu za seva yangu: ombi, kimya cha sekunde 5, ombi tena. Lililonivutia zaidi ni kwamba bila kuambiwa, Retry hairudii POST, yaani ombi la kutuma data, likishapelekwa kwa seva. Na ndivyo inavyopaswa kuwa. POST ikishindwa njiani huwezi kujua kama seva haikupata ombi au ilipata na jibu ndilo lililopotea, na ukirudia kwa kubahatisha unaweza kuunda rekodi mbili za kitu kimoja. Aliyeandika chaguo hilo alifikiria data za watu. Kwa httpx, kurudia kulikomo ndani kunahusu kushindwa kuunganishwa tu. 429 unaishughulikia mwenyewe, au unaongeza maktaba nyingine kama tenacity.

Kuhusu kuelekezwa kwingine, requests hufuata anwani mpya yenyewe, na httpx haifuati mpaka uiambie follow_redirects=True. Kwa zana inayobeba tokeni (ufunguo wa siri wa kuingilia kwenye API), swali halisi ni kama tokeni husafiri pamoja na ombi. requests huondoa kichwa cha Authorization ombi linapohamia seva nyingine. Mwaka 2018 iligundulika kwamba haikukiondoa pale ombi liliposhuka kutoka https kwenda http kwenye seva ileile, na toleo la 2.20.0 likaziba tundu hilo. Nilisoma maelezo ya dosari hiyo na marekebisho yake mwanzo hadi mwisho. Dosari iliyotangazwa hadharani, ikapewa namba na kurekebishwa, kwangu inapandisha thamani ya maktaba. Maktaba isiyo na historia yoyote ya namna hiyo hunitia shaka kwamba hakuna aliyewahi kuichunguza.

Tukachagua requests. Kazi yetu ilikuwa ya ombi moja baada ya jingine, hivyo uwezo wa httpx wa kutuma maombi mengi bila kusubiriana haukuhitajika, na matoleo yake wakati ule yalikuwa bado yanaanzia na 0, maana yake waandishi wana haki ya kubadilisha mambo. requests imetulia, iko chini ya Python Software Foundation, na haiongezwi mambo mapya ovyo. Kutulia huko kuna wanaokuona kuwa ni uzee. Kwa kitu kinachobeba kazi ya usiku, mimi nakuona kuwa ni sifa.

Kabla ya kufunga hoja nilipitia leseni, tena si ya requests peke yake, bali ya kila kinachoingia nayo. Kulikuwa na sababu. Kwa miaka mingi requests ilitegemea chardet, yenye leseni ya LGPL, ambayo ina masharti zaidi kwa wanaosambaza programu, wakati requests yenyewe ni Apache 2.0. Waliokuwa wakifungasha programu zao pamoja na requests wakawa na maswali, na mwaka 2021, kwenye toleo la 2.26.0, nafasi ya chardet ikachukuliwa na charset_normalizer yenye leseni ya MIT. Ukisoma leseni ya juu tu, mambo ya namna hii yanakupita.

Nilitazama pia nani ana mamlaka ya kutoa matoleo. Tangu Machi 2024, Andres Freund mhandisi wa programu, alipogundua mlango wa siri kwenye xz, programu huria ya kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, sioni namna ya kuliruka swali hili. Aliyeuweka alikuwa amejijengea imani kwenye mradi kwa muda mrefu mpaka akawa mtunzaji. Mradi unaobebwa na mtu mmoja aliyechoka uko hatarini hata kama msimbo wake ni mzuri.

Upande wa amri haukuchukua nguvu nyingi. argparse imo ndani ya Python na ingetosha, isipokuwa kwa tabia moja: hukubali vifupisho vya vigezo bila kuulizwa. Tukiwa na --tarehe, mtumiaji akiandika --ta inapita, naye ataiweka hivyo kwenye skripti yake. Siku tutakapoongeza --taarifa, skripti ile inavunjika kwa sababu --ta sasa ina maana mbili. Unaweza kuizima kwa allow_abbrev=False, lakini ni lazima ujue ipo. Click, maktaba nyingine ya kusoma amri, inataka jina kamili, na kwa amri zenye amri ndogo ndani yake inasomeka vizuri zaidi. Typer, iliyojengwa juu ya misingi ya Click, hufupisha uandishi kwa kutumia aina za data unazotaja kwenye funksheni. Ni nzuri, ila ilituletea tegemezi zaidi kwa faida ambayo amri zetu chache hazikuihitaji.

Click ilitusaidia pia kwenye tokeni. Hatukutaka iandikwe kama kigezo cha amri, kwa kuwa mtu mwingine kwenye mashine hiyohiyo anaweza kuiona kwa kuandika ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa. Kwa envvar Click huisoma kutoka kwenye vigezo vya mazingira ya mfumo, na isipokuwepo, ukiiagiza, inaiuliza bila kuionyesha kwenye skrini. Matokeo tuliyapeleka kwenye mkondo wa kawaida, na ujumbe wote wa maendeleo na makosa kwenye mkondo wa makosa, ili JSON ibaki safi mtu anapoipitisha kwenye programu nyingine. Click humaliza kwa msimbo wa kutokea wa 2 mtumiaji anapokosea vigezo. Sisi tukaongeza 3 kwa hitilafu za mtandao na 4 kwa tokeni iliyokataliwa, na skripti ya cron inasoma namba hizo kuamua kama ijaribu tena au imwite mtu.

requests inaitwa ndani ya faili moja tu, mteja.py. Faili hilo hukamata makosa ya requests na kutoa makosa yenye majina yetu wenyewe, na amri za Click hazijui chini yake kuna nini. Seva ya tabia mbaya tuliiweka kwenye majaribio, na huendeshwa kila tunapopandisha toleo la tegemezi yoyote, sambamba na pip-audit, zana inayotafuta dosari za usalama zinazojulikana kwenye tegemezi.

Baadaye ilikuja zana ya pili, safari hii ya kuuliza hali ya rekodi nyingi kwa pamoja, na hapo httpx ilikuwa chaguo sahihi bila ubishi. Tulinakili muundo uleule, tukaandika mteja.py mpya, na amri za Click hazikuguswa. Jaribio la anwani ya nne lilianguka papo hapo kwa sababu ya follow_redirects. Chaguo hilo tuliliacha limezimwa: API ile haina sababu ya kutuelekeza kwingine, na ikifanya hivyo tunataka tupewe taarifa.